Breki Zenye Kupiga Kelele Baada ya Kutengenezwa Nyumbani

Leo nataka kusema nanyi habari za breki za motakaa, na hasa breki za mtu aliyejitengenezea mwenyewe nyumbani kwake. Watu wengi hununua pedi mpya dukani, wakaazima jeki na spana kwa jirani, wakafanya kazi hiyo chini ya mwembe siku ya Jumamosi badala ya kumlipa fundi. Si vibaya, kazi yenyewe si ngumu kwa mtu mwangalifu. Lakini Jumatatu asubuhi, watoto wamekwisha kupanda tayari kwenda shule, gurudumu laanza kulia. Hapo mwenye motakaa hana budi kuamua: je, kelele hii yaweza kuvumiliwa siku mbili tatu, au yampasa asimame pale pale?

Kabla ya kusikiliza kelele, na tulipime kanyagio. Pedi mpya ni nene kuliko zile zilizokwisha, kwa hiyo ili zipate nafasi, pistoni husukumwa nyuma. Ikisha kusukumwa, mguu wa kwanza haukuti kitu, na kanyagio huzama mpaka chini. Watu wamegonga ukuta wa nyumba yao wenyewe kwa sababu hiyo. Basi motakaa isisogee hata hatua moja kabla hujakanyaga mara nyingi, pole pole, mpaka kanyagio liwe gumu. Likibaki laini kama sponji, yamkini hewa imeingia katika mabomba, nayo lazima itolewe. Usiende popote, hata ikiwa breki zi kimya kabisa.

Sasa kwa nini breki hulia? Kila mwalimu ajua jambo hili ubaoni. Chaki mpya, ndefu, ikishikwa vibaya hukwama kidogo, huteleza, hukwama tena, mara nyingi sana katika nukta moja, na mtetemo huo ndio mlio unaowafanya watoto wazibe masikio. Ivunje chaki katikati, na mara nyingi mlio hukoma, maana kipande kifupi hakitetemi kama kirefu. Pedi na diski hufanya vivyo hivyo. Wala si jambo geni: Bwana Frederick Lanchester, wa Uingereza, alipata hati ya uvumbuzi wa breki za diski mwaka 1902, na kwa kuwa pedi zake zilikuwa za shaba, zililia vibaya sana.

Ili kujua sababu, jiulize kelele yaja wakati gani. Nenda pole pole mahali patupu, madirisha yakiwa wazi, kando ya ukuta ikiwezekana, kwa kuwa ukuta hurudisha sauti.

Ikiwa mlio ni mwembamba, nao waja ukanyagapo tu, na motakaa yasimama vizuri, kwa kawaida hakuna hatari ya papo hapo. Huenda pedi bado hazijazoeana na diski. Tafuta njia tupu, endesha mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kanyaga kwa kiasi mpaka mwendo ushuke karibu na 10, kisha achia bila kusimama kabisa. Endesha kidogo ili breki zipoe, halafu rudia, mara kumi hivi. Katika kilomita 300 za kwanza usikanyage kwa nguvu ila pakiwa na hatari. Huenda pia diski mpya ilitiwa mafuta ya kuzuia kutu nawe hukuyaosha. Maji ya moto na sabuni yatosha, kisha ikaushwe vema. Lakini pedi iliyonywa grisi au mafuta ya breki haisafishiki. Itupwe, na mwenzake wa gurudumu la pili pia.

Mlio ukiendelea baada ya hayo, fungua tena utazame vitu vidogo vilivyobaki kwenye boksi. Ni ajabu jinsi watu wanavyodhani kwamba vile vibati vyembamba vya nyuma ya pedi ni pambo! Kazi yake ni kuzuia mtetemo. Vile visipringi vya chuma navyo huishika pedi isichezecheze, visipokuwapo, utasikia mgongo mmoja, “ko!”, kila ukanyagapo baada ya kurudi nyuma. Tena pedi nyingi zina kiulimi cha chuma ambacho hugusa diski pedi ikibaki kama milimita 2 au 3, ili kumwonya mwenye motakaa. Kikipindwa wakati wa kazi, kitaonya siku ya kwanza.

Kelele ijayo gurudumu lizungukapo, hata mguu usipokuwa juu ya breki, ni habari nyingine. Nyuma ya diski liko bati jembamba la kukinga vumbi, nalo hupindika kwa urahisi likisukumwa na mkono au spana. Likigusa diski, husikika mkwaruzo kama kisu juu ya sufuria. Linyoshe kwa vidole. Wakati mwingine ni kijiwe tu kilichonaswa hapo.

Lakini ikiwa mkwaruzo huo wafuatana na harufu ya kuungua, na gurudumu moja ni la moto kuliko mengine, simama. Pedi haiachii. Mara nyingi zile pini ambazo kalipa huteleza juu yake zimekauka au zimeshika kutu. Zisafishwe, zipakwe grisi iliyofanywa kwa ajili ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira, na baada ya miezi michache pini hushika tena. Hali kadhalika mafuta ya injini yasitiwe kamwe katika chombo cha mafuta ya breki; huiharibu mipira yote mpaka masta silinda, na breki zaweza kupotea zote pamoja.

Sauti ya kusaga, ya chuma juu ya chuma, haina mjadala. Usiendeshe hata mpaka dukani. Sababu moja ni pedi iliyotiwa kinyume, mgongo wake wa chuma ukielekea diski; watu hucheka wasikiapo hivyo, lakini hutokea, hasa kazi ikimalizwa kwa taa ya mkono. Na mgongo mzito, wa kufuatana na mzunguko wa gurudumu, huenda ukawa nati zilizolegea. Simama uzikaze sasa hivi, na hata zikiwa sawa, zikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Motakaa ndogo nyingi zina diski mbele na dramu nyuma. Katika dramu, viatu vya breki husugua juu ya bati la nyuma mahali pachache. Pakiwa na kutu, huguna. Piga msasa, paka grisi ya breki kidogo sana. Vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu, bali lifute kwa kitambaa chenye maji. Zamani vitambaa vya breki vilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo huua mapafu. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, lakini motakaa kuukuu na pedi zisizojulikana asili yake zaweza kuwa nayo bado.

Wakaao Mombasa, Tanga au Unguja wasitishwe na mkwaruzo wa asubuhi baada ya usiku wa mvua. Hewa ya bahari hutia diski kutu nyekundu nyembamba, na mikanyago mitatu minne huifuta.

Ukishindwa, mpelekee fundi, nawe umwambie wazi ulichokifungua, gurudumu lipi lalia, na kwa mwendo gani. Mchukulie na pedi za zamani. Akiona moja imekwisha na mwenzake bado nene, atajua ya kwamba pini au pistoni ilikuwa imekwama tangu kabla hujaigusa motakaa hiyo, na ataanzia hapo.