Msaada Usiishie Kwenye Geti la Hospitali

Mvutaji wa sigara anapolazwa mara nyingi huwa tayari kusikiliza, maana ugonjwa umekwisha kumwonya. Lakini kumkemea hakutoshi. Mwili uliozoea nikotini ukiikosa, huja hasira, wasiwasi, kukosa usingizi na hamu kali ya kuvuta.

Kwa hiyo msaada una sehemu mbili. Ya kwanza ni ushauri nasaha: mhudumu humuuliza mgonjwa anavuta kiasi gani na wakati gani, kisha wanapanga pamoja jinsi ya kuacha. Ya pili ni dawa. Plasta na chingamu zenye nikotini hutuliza hamu bila moshi. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Vidonge vya bupropioni na vareniklini vilifuata mwaka 2021. Daktari ndiye huchagua dawa inayomfaa mgonjwa.

Utafiti umeonyesha kuwa ushauri ulioanzia wodini huzaa matunda ukiendelea angalau mwezi mmoja baada ya mgonjwa kuruhusiwa. Hapo ndipo tunapozihitaji kamati za parokia: mtembeleeni kila wiki, na waombeni wa nyumbani wasivute mbele yake. Akiteleza, msimtenge, msaidieni aanze tena.

Nanyi wafadhili wetu, mnapochangia dawa, kumbukeni pia nauli ya mshauri. Bila yeye, mgonjwa hurudi nyumbani peke yake, na sigara inamsubiri.