Mapitio ya Michezo Chuoni: Kitabu, Jukwaa na Mhakiki

Katika majarida ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, mapitio ya mchezo wa kuigiza kwa kawaida yamekuwa ni mapitio ya kitabu. Mchezo huonyeshwa ukumbini, watu wakajaa, wakacheka, wakatoka wakibishana hadi mabwenini. Lakini habari zake hazifiki katika kurasa za jarida mpaka maandishi yake yamekwisha kupigwa chapa, na hapo huhakikiwa kana kwamba hayajapata kutamkwa na mtu. Makala haya yanakusudia kueleza desturi hiyo imetoka wapi, imewagharimu nini wanafunzi wa fasihi, na mapitio ya onyesho lenyewe hayana budi kuwa na nini ndani yake.

Yafaa kwanza kutenganisha maneno ambayo huchanganywa. Taarifa humjulisha msomaji kuwa jambo limetukia, basi. Uhakiki ni kazi ya taratibu, inayoweza kufanywa miaka hamsini baadaye na mtu aliye mbali. Mapitio yamo baina ya hayo mawili: huandikwa na aliyekuwapo kwa ajili ya asiyekuwapo, nayo hubeba hukumu. Msomaji wa mapitio ya kitabu akiitilia shaka hukumu hiyo, aweza kukifungua kitabu akajionea. Msomaji wa mapitio ya onyesho hana pa kwenda. Asipoelezwa alichokiona na alichokisikia mhakiki, amepewa hukumu bila ushahidi.

Desturi ya kushika kitabu ina sababu zake za haki. Farouk Topan alipoanza kufundisha fasihi kwa Kiswahili huko Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, uhakiki ulioandikwa kwa lugha hiyo ulikuwa haba mno. Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, aliouhariri na kutolewa mwaka 1971, ulikuwa hatua kubwa, na kwa msingi huo kizazi kizima kilijifunza kuchambua. Hata hivyo neno maandishi katika jina hilo si la kupitiwa haraka. Wakati huo tamthilia za Ebrahim Hussein, Kinjeketile (1969) na Mashetani (1971), zilikuwa zimekwisha kuchapishwa, nazo zikaingia katika masomo kama maandishi mengine yote: dhamira, wahusika, lugha. Jukwaa likawa jambo la utangulizi.

Nairobi na Makerere kulikuwa na kizuizi kingine. Nexus ya Nairobi iligeuka kuitwa Busara, na huko Makerere Penpoint ikafuatwa na Dhana mwaka 1971. Majina yalivaa kanzu. Yaliyomo, kwa sehemu kubwa, yalikuwa Kiingereza. Hakuna haja ya kuwalaumu wahariri wake, waliofanya kazi kubwa kwa vijana waliotaka kuandika. Ila matokeo yake ni kwamba mtu aliyetaka kuandika juu ya mchezo wa Kiswahili, au wa lugha nyingine ya Kiafrika, ilimpasa aueleze kwa lugha ambayo mchezo haukuutumia. Na kinachopotea kwanza katika safari hiyo ni mzaha, fumbo na lafudhi, yaani yale yale yaliyoifanya hadhira icheke.

Hasara yenyewe yaonekana vyema katika mfano mmoja. Oktoba 1976 mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya Dedan Kimathi ulionyeshwa katika Jumba la Michezo la Taifa, hatua chache kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Maandishi yake ya Kiingereza yalichapwa mwaka huo huo, na tafsiri ya Kiswahili, Mzalendo Kimathi, ikatoka mwaka 1978. Kitabu kinakwisha kwa wimbo. Onyesho halikukwishia hapo: watazamaji waliungana na waigizaji, wakaimba na kucheza pamoja nao hadi nje barabarani. Jambo hili halimo katika maandishi ya mchezo, wala halikuweza kuwamo. Linajulikana sana kwa sababu Ngũgĩ mwenyewe alilieleza baadaye katika insha zake. Mtunzi amelazimika kuwa shahidi wa onyesho lake! Na ushahidi wa mtunzi, hata ukiwa mwaminifu kabisa, si ushahidi wa mtu aliyeketi safu ya nyuma.

Mwaka 1982 hali ilikuwa nzito zaidi. Kikundi cha Kamĩrĩĩthũ kilipozuiwa kuonyesha Maitũ Njugĩra katika Jumba la Michezo la Taifa, kilihamishia mazoezi yake katika ukumbi wa chuo kikuu, na maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi hayo mpaka milango ikafungwa. Maandishi ya mchezo yalikuwa hayajachapishwa. Hapo hapakuwa na kitabu cha kukimbilia: aliyetaka kuuhakiki mchezo alikuwa na macho yake na masikio yake tu.

Wanaojishughulisha na ushairi wa Mombasa wanaifahamu shida hii tangu zamani. Beti nyingi za Muyaka bin Haji zilitungwa kwa sababu ya tukio fulani, au kumjibu mtu fulani, na pasipo kulijua tukio ubeti hufungika kama sanduku lililopotelewa na ufunguo. Ikiwa leo beti hizo zasomeka, ni kwa kuwa Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walizikusanya pamoja na maelezo yake, na Mohamed Abdulaziz, wa idara ya isimu huko Nairobi, akazirudisha katika mazingira yake katika kitabu chake cha mwaka 1979. Mwalimu Sikujua hakujiita mhakiki. Alichofanya ndicho kinachotakiwa hapa.

Yasidhaniwe, hata hivyo, kwamba ukimya wa wahakiki wa chuo ni uvivu mtupu. Chuo ni kijiji. Mwelekezi wa mchezo huenda ndiye mkuu wa idara ya mhakiki, na mwigizaji mkuu ni mwanafunzi atakayemkuta darasani Jumatatu. Ndipo mapitio yakawa pongezi, ama yasiandikwe. Tena kulikuwa na hofu isiyo ya ujirani. Alamin Mazrui alitiwa kizuizini mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kuchapishwa Kilio cha Haki, na walimu wengine wa fasihi wakaihama nchi. Katika siku kama hizo, kuandika kwa uaminifu kwamba hadhira ilishangilia mahali fulani kungeweza kuwa ni kumshtaki mtu. Kunyamaza nako kulikuwa na heshima yake, na wanaodai kumbukumbu leo yawapasa kulikumbuka hilo.

Ama kuhusu yanayopaswa kuandikwa, mengi ni ya kawaida: tarehe, ukumbi, majina ya waigizaji na mwelekezi, sehemu za maandishi zilizoachwa au kuongezwa. Maleba na taa zitajwe pale tu zilipofanya kazi. Lililo gumu, na lenye thamani kuliko yote, ni hadhira. Ilicheka wapi ambapo mtunzi hakukusudia kichekesho? Ilijibu kwa lugha gani: Kiswahili, Sheng, lugha ya nyumbani? Katika Mashetani umo mchezo ndani ya mchezo, na msomaji wa kitabu aweza kurudi nyuma kurasa mbili kuhakikisha ni nani anayesema kama shetani na ni nani amerudi kuwa mwanafunzi. Mtazamaji hawezi. Mwelekezi mmoja atambadilishia mwigizaji sauti, mwingine atamtoa kabisa jukwaani kabla ya kumrudisha, wa tatu ataiacha hadhira katika utata kwa makusudi. Kila uamuzi hutoa Mashetani nyingine, na ni aliyeketi ukumbini usiku ule tu awezaye kusema ilikuwa ipi.