Ardhi na Mila za Wakikuyu wa Ruiru na Thika

Wakikuyu hujihesabu kuwa uzao wa Gikuyu na Mumbi, wazazi wawili ambao Ngai, yaani Mungu, aliwapa makao Mukurwe wa Nyagathanga, katika Murang'a ya leo. Ngano husema walijaliwa mabinti tisa na ushei, kwa kuwa kuhesabu watoto mpaka mwisho ni mwiko, na koo kubwa kama Anjiru, Ambui na Aceera zikachukua majina ya mabinti hao.

Kutoka Murang'a watu walishuka kusini mpaka Kiambu wakifyeka misitu. Wazee wa Kiambu husimulia kwamba ardhi yao ilinunuliwa kwa mbuzi kutoka kwa Waathi, wawindaji wa msituni. Wote waliotokana na babu mmoja waliunda mbari, na mbari ikamiliki githaka, ardhi yenye mipaka iliyopandwa maua ya itoka. Asiye na ardhi aliomba kulima kwa hisani, akaitwa muhoi. Mambo mengine yote yaliegemea ardhi hiyo: wazee wa kiama, yaani baraza, waliamua kesi za mipaka, na kafara za kuomba mvua zilitolewa chini ya mugumo, mti mtakatifu. Mwiki, mpakani mwa Nairobi na Kiambu za leo, ilikuwa pembezoni mwa maisha hayo. Makazi yalishika migongo ya vilima, na tambarare za mashariki mwa Ruiru zilikuwa malisho yaliyopakana na Wamaasai.

Usiku, kando ya mafiga, nyanya aliwasimulia wajukuu hadithi za irimu, zimwi lenye mdomo wa pili kisogoni, linalojigeuza kijana mtanashati ili kuwanasa wasichana. Hadithi hizo zilifunza tahadhari zaidi kuliko karipio lolote.

Mwishoni mwa karne ya 19, ndui na njaa viliua watu wengi kusini mwa Kiambu, sotoka ikaua ng'ombe, na wengine wakarudi Murang'a kwa jamaa zao. Walowezi walipofika waliikuta ardhi iliyoonekana haina mwenyewe, nayo serikali ya kikoloni ikawagawia. Ruiru na Thika zikawa nchi ya kahawa na mkonge, na reli ikafika Thika mwaka 1913. Waliorudi Kiambu kutoka Murang'a waliingia mashambani kama maskwota. Ni kosa kudai kwamba mila zilivunjwa na kanisa na shule pekee. Mgogoro wa mwaka 1929 kuhusu tohara ya wasichana uliwatenga kweli Wakikuyu wengi na misheni, wakaanzisha shule zao huru. Lakini pigo la ndani zaidi lilikuwa kupotea kwa githaka, maana mbari bila ardhi ilibaki jina tu.

Ngano zenyewe zilibeba uchungu huo. Mugo wa Kibiru, nabii wa Wakikuyu, anakumbukwa kwa kutabiri ujio wa wageni na nyoka wa chuma, yaani reli. Thika palikuwa na mugumo ambao, kwa utabiri wake, ungeanguka siku utawala wa wageni utakapokwisha. Inasimuliwa kwamba wakoloni waliuzungushia chuma usianguke. Ulianguka mwaka 1963, mwaka wa uhuru.

Kuanzia 1954, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, familia zilihamishiwa katika vijiji vilivyolindwa, kisha vipande vya ardhi vikaunganishwa na kupewa hatimiliki za mtu binafsi. Baada ya uhuru, kampuni za kununua ardhi, mojawapo Githunguri Constituency Ranching, zilinunua mashamba ya walowezi Ruiru na kuwagawia wanahisa ploti. Mwiki ilijaa nyumba za kupangisha, na Wakikuyu wakawa majirani wa Wakamba, Waluo, Waluhya na Wakisii. Watoto wao hucheza kwa Kiswahili na Sheng, na ngano nyingi sasa husikika zaidi katika redio za Kikuyu kama Kameme, iliyoanza mwaka 2000, kuliko jikoni kwa nyanya.

Mila zilizodumu ni zile zisizohitaji shamba. Ruracio, yaani mahari, bado hulipwa, ingawa mbuzi wengi sasa huhesabiwa kwa shilingi, na ngurario, sherehe ya kukamilisha ndoa, hufanywa hata kwa ndoa za kanisani. Mtoto wa kwanza wa kiume bado huitwa jina la baba wa baba yake, wa pili jina la baba wa mama yake, na mabinti hurithi majina ya nyanya zao kwa utaratibu huohuo.