Kumchora Mangi Meli

Kitabu cha picha kinachomsimulia mtoto historia ya ukoloni huanza kufanya kazi kabla neno la kwanza halijasomwa, kwa kuwa mchoro humchagulia msomaji mahali pa kusimama na humwamulia nani aonekane kwa karibu na nani abaki kivuli. Mlima Kilimanjaro wenyewe ni mfano: aliyeko Moshi, kusini mwa mlima, hukiona kilele cha Kibo upande wa kushoto na kile cha Mawenzi upande wa kulia, ilhali kadi nyingi za posta zenye tembo zimepigwa upande wa Amboseli, nchini Kenya, ambako mpangilio huo hugeuka. Mchoraji anayenakili kadi hizo humhamisha mtoto wa Old Moshi nyumbani kwao bila kukusudia.

Old Moshi, iliyo juu mlimani, ndiko alikotawala Meli, aliyerithi umangi, yaani cheo cha mtawala wa Wachaga, baada ya baba yake, Rindi, kufariki mwaka 1891. Mwezi Juni 1892 wapiganaji wake walikishinda kikosi cha Wajerumani na kumuua kiongozi wake, von Bülow, lakini mwaka uliofuata Friedrich von Schele alikuja na jeshi kubwa zaidi, naye Meli akashindwa. Tarehe 2 Machi 1900 alinyongwa pamoja na wenzake 18, kwa tuhuma ya kula njama dhidi ya utawala wa Kijerumani.

Kisa hiki kinamshawishi mwandishi wa watoto kugawa kurasa zake pande mbili tu, Wajerumani huku na Wachaga kule. Ukweli una kona nyingi zaidi, kwani mlima ulikuwa na tawala kadhaa zilizoshindana: mwaka 1891 Rindi mwenyewe alishirikiana na kamanda wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, kumpiga Mangi Sina wa Kibosho, na baadaye Mangi Marealle wa Marangu akasimama na Wajerumani dhidi ya Meli. Kuyaficha hayo kwa hofu ya kumchanganya mtoto ni kumdharau, kwa sababu hata mtoto wa miaka tisa anaujua ugomvi wa majirani, na kupitia ugomvi huo ndipo anaweza kuelewa jinsi wageni wachache walivyoweza kuutawala mlima mzima. Ramani ya kurasa mbili, yenye kila umangi kwa rangi yake, ingemfaa kuliko aya tatu za maelezo.

Mambo madogo nayo yana uzito. Picha ya mwaka 1892 inahitaji kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba inayoizunguka nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi, pamoja na mfongo, mfereji wa kienyeji unaoteremsha maji kutoka mabondeni juu. Haihitaji safu za mibuni kila mahali, wala mji wa Moshi wa leo, ambao ulikua huko chini tambarare baada ya reli ya kutoka Tanga kufika mwanzoni mwa miaka ya 1910.

Ukurasa mgumu kuliko yote ni ule wa kunyongwa. Si lazima kuichora miili: mchoraji anaweza kuwageukia watu waliokusanyika, kwa kuwa adhabu ya hadharani ilikusudiwa wao waione, na nyuso zao humweleza mtoto lengo hilo. Baada ya hapo hadithi haiishi, kwani mafuvu mengi yalichukuliwa Afrika Mashariki na kupelekwa Ujerumani kwa uchunguzi wa kile kilichoitwa sayansi ya mbari. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba, yaani alama za urithi zilizomo mwilini, vimeyaunganisha baadhi ya mafuvu hayo na koo zinazoishi Kilimanjaro, likiwemo la Akida, mshauri wa Meli. Fuvu la Meli lenyewe, ambalo huaminika kuchukuliwa pia, halikutambuliwa miongoni mwa hayo, kwa hiyo mchoraji anayetaka kukifunga kitabu chake kwa picha ya mazishi ya Mangi atakuwa anachora jambo ambalo bado halijatokea, na maandishi chini ya picha yapaswa kumwambia mtoto kwamba ukoo wa Meli bado unamtafuta.