Kuhama Nyumba, Kuhama Moyo: Tuwasaidie Watoto Wetu Kuzoea Makao Mapya



Katika toleo hili tunazungumza juu ya watoto waliohama pamoja na jamaa zao na kufika Kisangani. Wengine walivuka mto kutoka komini ya Lubunga, au walitoka vijiji vya eneo la Ubundu, tangu Februari 2023, wakati ugomvi wa ardhi ulipogeuka kuwa mapigano kati ya Wambole na Walengola. Wengine walifuata barabara kubwa inayotoka Ituri na Kivu Kaskazini, kupitia Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, wakikimbia mauaji. Wengine wamehama tu kwa sababu papa amepoteza kazi au shamba. Sababu ni tofauti, lakini ndani ya mtoto jambo linalotokea ni karibu moja.

Mara nyingi tunapofika mahali papya tunauliza: Tutalala wapi? Tutakula nini? Hayo ni maswali ya haki. Lakini kuna swali lingine tunalolisahau: Mtoto huyu ameacha nini nyuma?

Mtoto amepoteza nini?

Mtu mzima akihama, anapoteza nyumba, shamba na kazi. Mtoto anapoteza pia mambo ambayo sisi hatuyahesabu: njia ya kwenda mtoni, mti wa maembe, rafiki aliyeketi naye kwenye benchi moja shuleni, nyanya aliyemsimulia hadithi jioni, mbwa wake, sauti ya kengele anayoijua. Kwake yote hayo yalikuwa ndiyo dunia. Yakiondoka siku moja, mtoto anaomboleza, hata kama hakuna aliyekufa. Lakini hana maneno ya kusema, kwa hiyo anasema kwa mwili na kwa tabia.

Dalili hubadilika kufuatana na umri:

- Mtoto mdogo (chini ya miaka 6) hung'ang'ania nguo ya mama, hulia usiku, hukojoa tena kitandani ingawa alikuwa ameacha, au hurudia kusema kama mtoto mchanga.
- Mtoto wa shule ya msingi hulalamika tumbo au kichwa, hasomi vizuri, hupigana na wenzake, au huuliza swali lilelile kila siku: "Tutarudi lini?" Wengine hufikiri vita ilikuja kwa kosa lao.
- Kijana hunyamaza, hukasirika upesi, huacha shule, hutafuta pombe au kundi la mtaani. Wengine huanza kusema juu ya kulipiza kisasi.

Dalili hizi si uchawi, si ukaidi, na si ugonjwa wa kichwa. Ni jinsi mtoto anavyojibu jambo zito kuliko nguvu zake. Kwa walio wengi hupungua baada ya wiki kadhaa wakipata usalama na upendo.

Mfano kutoka mbali

Septemba 1939, vita kuu ilipoanza Ulaya, serikali ya Uingereza iliondoa mijini watu karibu milioni 1.5 kwa siku tatu tu, wengi wao watoto, ikawapeleka mashambani mabomu yasiwafikie. Watoto wengi walisafiri na walimu, bila wazazi. Wenyeji waliowapokea walishangaa kuona wengi wakikojoa kitandani, na baadhi yao walisema watoto hao hawakulelewa vizuri. Kumbe ilikuwa huzuni na hofu.

Miaka hiyo Anna Freud na Dorothy Burlingham walitunza watoto wa vita huko London. Waliona kwamba wengi walistahimili kelele za mabomu kuliko kutenganishwa na mama. Tena mama akitulia, mtoto hutulia. Mama akitetemeka, mtoto hutetemeka.

Fundisho kwetu ni hili: ukuta wa kwanza wa mtoto si wa matofali wala wa turubai. Ni mtu mzima anayemjua, aliye karibu naye na anayetulia.

Mambo ambayo wazazi wanaweza kufanya

1. Semeni ukweli kwa maneno madogo. Mtoto asiyeambiwa kitu hujitungia mambo mabaya kuliko yale ya kweli. Mwambie: "Tulitoka kwa sababu kulikuwa na hatari. Sasa tuko pamoja. Si kosa lako." Usiahidi siku ya kurudi ikiwa huijui. Ahadi ikivunjika mara tatu, mtoto huacha kuamini hata maneno mengine ya mzazi.

2. Rudisheni utaratibu wa siku. Hata kama chakula ni kidogo, kiliwe saa ileile. Kunawa, kusali kwa wanaosali, hadithi kabla ya kulala, kazi ndogo ya asubuhi: hayo humwambia mtoto kwamba dunia haijavunjika yote.

3. Msimpige wala kumchekea mtoto anayekojoa usiku. Fimbo huongeza hofu, na hofu huongeza mkojo. Mpelekeni kukojoa kabla ya kulala, mwekeni karibu na mtu anayemwamini, na osheni mkeka bila matangazo kwa majirani.

4. Mwacheni akumbuke. Aseme jina la kijiji, achore nyumba ya zamani kwa mkaa, aimbe wimbo wa huko. Kukumbuka hakumzuii kuzoea. Ikiwa mlibeba kitu kimoja cha nyumbani, hata kijiko, msikidharau.

5. Mpeni nafasi ya kucheza. Mpira wa mifuko na kamba, nzango kwa wasichana, mawe na vijiti: mchezo ni njia ya mtoto kutoa yaliyo moyoni. Akicheza vita mara moja, msimkaripie. Kaeni naye, mwulize mchezo utaishaje kwa amani.

6. Mwonyesheni hatari za mahali papya. Mtoto aliyekulia karibu na kijito hajui nguvu ya mto Kongo. Tembeeni naye, mwonyesheni pa kuteka maji na mahali asipofika peke yake, njia ya pikipiki, na nyumba ya mtu wa kumkimbilia akipotea. Mfundisheni kusema jina lake lote, jina la mzazi na jina la mtaa.

Shule na lugha

Shule ni dawa kubwa, kwa maana inampa mtoto marafiki, saa na matumaini. Katiba ya nchi yetu, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure, na serikali ilianza kutekeleza jambo hilo Septemba 2019. Kwa hiyo msiogope kwenda kuonana na mkuu wa shule hata kama buletini iliungua au ilibaki njiani. Mwombeni ampime mtoto kwa maswali machache, apate darasa linalomfaa.

Jambo la lugha linaumiza watoto wengi kimyakimya. Mtoto wa Beni amezoea Kinande na Kiswahili cha kwao. Wa upande wa Lubunga amezoea Kimbole au Kilengola. Mjini Kisangani atakuta Lingala uwanjani, Kiswahili cha mji sokoni, na Kifaransa darasani. Akikosea neno, wenzake wanacheka, naye ananyamaza. Walimu wanaweza kumketisha karibu na mtoto anayesema lugha zote mbili. Wazazi wajifunze maneno mapya pamoja naye, bila kumkataza lugha ya nyumbani.

Neno zito juu ya chuki

Hapa tunafika kwenye moyo wa jambo. Usiku, watu wazima wanapoketi na kusema "wale watu ni nyoka" au "siku moja tutawalipa," mtoto aliye kwenye mkeka hajalala. Anasikia. Vita inaweza kukomeshwa kwa makubaliano ya wakubwa, lakini maneno yale ya usiku yanaweza kuiwasha tena baada ya miaka 10.

Hatusemi mfiche maovu yaliyotendeka. Mtoto ana haki ya kujua. Lakini tofauti ni kubwa kati ya kusema "watu fulani walichoma nyumba yetu" na kusema "kabila lao lote ni wauaji." Neno la kwanza ni ushuhuda, la pili ni mbegu. Tena ikiwa jirani wa kabila lile aliwaficha au aliwapa maji njiani, mwambieni mtoto habari hiyo pia, kwa sababu nayo ni kweli.

Kwa wenyeji na viongozi

Wenyeji wengi wa Kisangani wanaujua uchungu huu. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulisema raia zaidi ya 760 waliuawa, watu 65,000 walihama, na shule 69 zilipigwa. Wengi waliokuwa watoto siku zile leo ni wazazi, walimu na mashefu wa mitaa. Wakikumbuka walivyojificha, watajua namna ya kumpokea mtoto wa mgeni.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni vema mtoto aliyepokelewa asaidie kazi, lakini jembe lake lilingane na la watoto wa nyumba. Asiwe yeye tu wa kuteka maji wakati wengine wako shuleni.

Viongozi wanaweza kufanya haya bila fedha nyingi:

- Kutenga uwanja wa kuchezea mbali na mto na barabara.
- Kuchanganya timu za mpira: wenyeji na wahamaji pamoja, makabila yote pamoja.
- Kuandika majina ya watoto walio peke yao, na kuwaarifu upesi wahusika wa ulinzi wa watoto, kabla ya mtu mwingine "kuwachukua."
- Kuwakinga vijana wasiandikwe katika makundi ya silaha. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza jambo hilo.

Tutafute msaada lini?

Ikiwa baada ya mwezi mmoja hivi dalili zinazidi, au mtoto hali, hasemi, anasema anataka kufa, anajiumiza, au ametendewa vibaya kimwili, msingoje. Mpelekeni kituo cha afya. Na mama au papa anayelia kila usiku naye atafute wa kumsikiliza, maana chombo kitupu hakimnyweshi mtu.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika mtaa wetu, mtoto mgeni anacheza na nani?
2. Ni maneno gani tunayosema usiku ambayo tusingependa mtoto ayarudie shuleni?
3. Juma hili tunaweza kutengeneza nini, wenyeji na wahamaji, kwa ajili ya watoto wote?

Chagueni jibu moja la swali la tatu, andikeni nani atafanya na siku gani, kisha mkutane tena kuangalia kama limefanyika.