Presha Imepanda Hadi Ufipa

Sokoni Sumbawanga, samaki wa Ziwa Tanganyika hufika wakiwa wameshapanda mlima: dagaa wakavu, migebuka ya kukaushwa, na wengine waliotiwa chumvi wasioze njiani. Nyanda za Ufipa, ulipo mji huu, ziko juu, mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, na zamani chumvi ilikuwa mali huku. Ilichemshwa kutoka chemchemi za Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, na za Uvinza, kisha ikabebwa mbali kwenda kubadilishwa na bidhaa nyingine. Leo pakiti ya nusu kilo iko kila genge, na bei yake haimzuii mtu kuizidisha kwenye mboga.

Habari ya presha ingefaa ianzie hapo, lakini wengi huianzia kwenye hasira. Fulani kampandisha mwenzake presha, husema watu. Kukasirika hupita. Presha ya kupanda haipiti: damu husukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi mchana na usiku, hata mtu akiwa amelala fofofo. Kipimo hutoa namba mbili, ya juu moyo unaposukuma na ya chini unapopumzika. Ya kwanza ikifika 140, au ya pili 90, na hali ikawa hiyo hiyo siku nyingine, mtu huyo ana presha, hata kama hasikii kichwa wala kizunguzungu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliikuta kwa Watanzania 26 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Na si ugonjwa wa matajiri wa mjini. Watafiti waliopima watu wa Ilala, Dar es Salaam, na wa Shari, kijiji cha wilaya ya Hai, katika miaka ya 1990, walikuta karibu watu watatu kwa kila kumi wana presha kote kuwili. Kati ya wenye presha, waliojua kwamba wanayo hawakufika mmoja kwa watano, na waliokuwa wameidhibiti hawakufika mmoja kwa mia.

Nchini Kenya, Wajaluo waliohama vijijini kwenda Nairobi walifuatiliwa, matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Presha zao zilianza kupanda mapema baada ya kuhama. Mkojo wao ulionyesha kwamba chakula cha mjini kilikuwa na chumvi zaidi, na potasiamu kidogo, ile inayopatikana kwenye maharage, mboga za majani, viazi na ndizi.

Sumbawanga imebebeshwa sifa ya uchawi nchi nzima, na imani hiyo, popote ilipo, ina gharama yake. Mtu anaamka upande mmoja umelegea, mdomo umepinda. Ndugu wanaanza kumtafuta aliyemroga huku saa za matibabu zikiyoyoma. Hicho ni kiharusi, na hakuna kinachokisababisha zaidi kuliko presha.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye samaki na mkate. Piga hesabu jikoni kwako. Familia ya watu wazima sita ikimaliza pakiti ya nusu kilo kwa wiki moja, kila mmoja amekula karibu gramu 12 kwa siku. Pakiti hiyo ingepaswa kufika siku 16. Chumvi yenye madini joto ibaki, kiasi ndicho kipungue. Samaki wa chumvi aloweshwe, maji yamwagwe. Nyanya, limau na karanga za kusaga zitaleta ladha. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza kuhusu vyakula vyenye potasiamu nyingi.

Pombe ya ulezi nayo ipunguzwe, sigara iachwe kabisa. Anayelima matuta kwa jembe la mkono hana haja ya kuhimizwa mazoezi. Wa kuhimizwa ni karani, mwenye duka na dereva wa bodaboda: nusu saa ya kutembea haraka, siku tano kwa wiki.

Aliyeandikiwa vidonge vya presha asiviache kwa sababu anajisikia vizuri. Vidonge ndivyo vinavyoishusha, na akiacha itapanda tena kimyakimya.

Kama umri wako umevuka miaka 30 na hujawahi kupimwa, nenda zahanati ya karibu. Ukitoka kupanda kilima, kaa kwanza dakika tano, mkono ukiegemea meza, bila kuzungumza. Ukitajiwa namba zako, ziandike, na uende nazo safari ijayo.