Bigo bya Mugenyi

Bigo bya Mugenyi ni mahandaki ya kale nchini Uganda, upande wa kusini wa mto Katonga. Neno "bigo" lina maana ya maboma. Kwa jumla yana urefu wa zaidi ya kilomita 10. Mahali pengine kina hufikia mita 4 hivi, na sehemu kadhaa zilichongwa katika mwamba. Masimulizi ya wenyeji husema ni kazi ya Wachwezi. Mwanaakiolojia Merrick Posnansky alichimba hapo mwaka 1960. Kwa kawaida mahandaki huhesabiwa kuwa ya karne ya 14 hadi 16.

Yalikuwa ya vita? Yale ya ndani, yanayozunguka kilima, yalifaa kwa ulinzi. Lakini handaki la nje ni refu mno na lina mianya mingi: kulilinda lote kungehitaji jeshi kubwa. Mifupa mingi ya ng'ombe iliyofukuliwa huko yaelekeza kwenye zizi la mifugo.